NANI ALIYEIUNDA BASTOLA HII?

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Sikatai, wahenga hawakosei. Lakini mwaka huu nimekaa nikajiuliza: je, pete ikivishwa chanda cha jirani, kile chema kitajulikanaje? Swali hilo ndilo lililonipeleka mbali kwa kusoma, hadi Marekani ya mwaka 1847, nikifuata nyayo za bastola moja ambayo siku hizi ni adimu kama wali wa daku.

Najua kuna watakaouliza, msichana na bastola wapi na wapi? Wavulana wa darasa letu walinicheka mpaka wakashika mbavu. Wacha wacheke. Mimi sipendi bunduki, wala makala haya hayamfundishi mtu kulenga shabaha. Ninachokipenda ni kujua kitu kimetoka mikononi mwa nani. Nyumbani kwetu hilo ni swali la kila siku, maana baba yangu ni fundi wa bati pale Kamukunji, Nairobi. Akikaribishwa katika nyumba ya watu hatazami makochi wala pazia. Hutazama bawaba za dirisha, akauliza, "Hii kazi ni ya nani?" Kwa hivyo mwalimu wa Historia aliponiazima kitabu kikubwa cha silaha za kale, na baadaye nikaendelea kusoma kwenye saiba, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye maandishi madogo yaliyopigwa juu ya chuma.

Bastola yenyewe huitwa Colt Walker. Ni bastola ya silinda, yaani ina pipa dogo la chuma linalozunguka nyuma ya mtutu, na ndani ya pipa hilo mna vyumba sita. Haikutumia risasi za kisasa zenye ganda la shaba. Kila chumba kilimiminiwa baruti nyeusi, ile ya kuchanganya shura, makaa na salfa, kisha gololi ya madini ya risasi ikashindiliwa juu yake kwa wenzo uliofungwa chini ya mtutu. Nyuma ya kila chumba ilivishwa fataki ndogo. Kile kinyundo cha nyuma kikiigonga fataki, cheche huingia ndani, baruti ikalipuka, na moshi ukatanda kama wa jiko lililotiwa kuni mbichi.

Ukubwa wake ni wa kushangaza. Mtutu peke yake una sentimita 23 hivi, na bastola nzima ni kama sentimita 39. Uzito wake ni kilo mbili na ushei. Kama hujaelewa uzito huo, chukua pakiti ya unga wa ugali ya kilo mbili, inyooshe mbele yako kwa mkono mmoja, kisha uhesabu hadi ishirini. Mimi nilijaribu jikoni. Nilipofika kumi na tatu mkono ulikuwa ukitetemeka kama unyasi, na mama akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Ndiyo maana askari hawakuifunga kiunoni. Waliitia katika mifuko ya ngozi iliyoning'inia kwenye tandiko la farasi. Ziliundwa 1,100 tu: 1,000 za jeshi la Marekani na 100 za kuuziwa raia.

Sasa tuanze upelelezi wetu. Juu ya mtutu pamepigwa chapa ya maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni kwamba anwani ni kwa Samuel Colt, jiji la New York. Mpelelezi mwenye haraka angefunga daftari lake hapo. Mwenyewe kajulikana, mji umejulikana, kuna nini tena? Kumbe! Ukienda New York ya mwaka 1847 hutakuta tanuri la Colt, hutakuta hata tupa moja ya Colt. Bastola hizi hazikuundwa New York, na mtu huyo aliyeandikwa jina hakuwa na kiwanda popote mwaka ule ulipoanza.

Samuel Colt alizaliwa mwaka 1814 Hartford, katika jimbo la Connecticut. Mwaka 1830, akiwa na miaka kumi na sita, umri wangu huu huu, aliingia baharia katika meli iliyoitwa Corvo iliyokuwa ikienda Calcutta, India. Inasimuliwa kwamba humo melini alitazama gurudumu la usukani linavyozunguka na kukaa imara, akapata wazo la bastola ambayo silinda yake ingezunguka na kujifunga kila kinyundo kinapovutwa. Akachonga mfano wa mti. Tusimpe sifa isiyo yake, maana silaha za kuzunguka zilikuwapo kabla yake. Mmarekani mwenzake, Elisha Collier, alikwisha kupata hati ya uvumbuzi wa bunduki ya namna hiyo huko Uingereza mwaka 1818, ila yake iliwashwa kwa jiwe la gumegume. Lakini tusimnyime sifa iliyo yake pia: aliliona wazo, akaling'ang'ania kama kupe.

Kijana huyo hakuwa na pesa. Mnajua alizipataje? Alizunguka mijini akijiita Dokta Coult wa Calcutta, akiwaonyesha watu gesi ya kuchekesha kwa kiingilio. Watu waliivuta, wakacheka na kurukaruka jukwaani, naye akakusanya pesa za kuwalipa mafundi. Hapo ndipo nilipokaa wima kitini. Mafundi! Kumbe hakuunda mwenyewe. Bastola na bunduki zake za mwanzo ziliundwa na Anson Chase, fundi wa Hartford, na hasa na John Pearson, fundi wa jiji la Baltimore. Pearson ndiye aliyekesha na tupa, ndiye aliyelichukua wazo la mti akaligeuza chuma kinachofanya kazi. Barua zake zipo. Analalamika kwamba kazi ni nyingi na malipo hayaji kwa wakati. Hati ya uvumbuzi ya Marekani ilipotoka tarehe 25 Februari 1836, jina lililoandikwa lilikuwa moja tu, la Samuel Colt. Jina la Pearson halimo.

Mwaka huo wa 1836 Colt na wenye hisa walifungua kiwanda mjini Paterson, New Jersey. Bastola za Paterson zilikuwa na vyumba vitano, na kifyatulio chake kilijificha ndani mpaka kinyundo kivutwe. Zilikuwa ghali na dhaifu, na jeshi halikuzinunua kwa wingi. Mwaka 1842 kiwanda kikafungwa. Colt akabaki na jina na madeni.

Chapa ya pili kwenye chuma hicho inatufikisha kwa mtu mwingine. Ubavuni mwa mtutu pamepigwa herufi mbili za jina la Marekani na mwaka: 1847. Huo ulikuwa wakati wa vita kati ya Marekani na Mexico, vilivyoanza mwaka 1846 na kumalizika mwaka 1848. Kapteni mmoja aliyeitwa Samuel Walker alikuwa amepigana Texas akiwa na bastola za Paterson, na mwishoni mwa mwaka 1846 alimwandikia Colt kumsifu. Lakini sifa zake hazikuwa za mdomo mtupu. Alikuwa mtumiaji, na mtumiaji ndiye aijuaye kata imtiayo ngata. Alitaka vyumba sita badala ya vitano, gololi kubwa zaidi, mtutu mrefu, wenzo wa kushindilia uliofungwa papo hapo, na kifyatulio kisichojificha, chenye bangili ya chuma ya kukikinga. Barua walizoandikiana zimehifadhiwa hadi leo. Ukizisoma unaona bastola ikizaliwa kwenye karatasi, huyu akisema hivi, yule akijibu vile. Mwanzoni mwa Januari 1847 mkataba ukafanywa: bastola 1,000, kwa dola 25 kila moja.

Colt sasa alikuwa na jina na oda. Hakuwa na karakana. Akaenda kwa Eli Whitney mdogo, mwenye kiwanda cha bunduki mahali palipoitwa Whitneyville, karibu na mji wa New Haven, Connecticut. Baba yake, Eli Whitney mkubwa, ndiye yule aliyevumbua mashine ya kuchambua pamba mwishoni mwa karne ya 18, mashine iliyofanya kilimo cha pamba kiwe na faida kubwa na hivyo kuongeza utumwa wa Waafrika kusini mwa Marekani. Mzee huyo pia alisifika kwa kuhubiri kwamba sehemu za bunduki ziundwe sawasawa kiasi kwamba yoyote iweze kuingia katika bunduki yoyote. Basi ni huko Whitneyville, kandokando ya mto, ambako Colt Walker ziliundwa. Tena jina la Whitneyville halimo kwenye mtutu.

Na wale waliozikereza silinda, waliotoboa mitutu, waliozipiga tupa? Hao ndio hawamo kabisa. Lakini kuna alama moja waliyoiacha, nayo ni chapa ya tatu. Kila bastola ya jeshi ilipigwa herufi na nambari. Herufi ilianzia A hadi E, kufuatana na kombania ya askari waliokusudiwa kuitumia. Nambari hiyo haikupigwa mahali pamoja tu. Ilipigwa kwenye mtutu, kwenye silinda, kwenye kiunzi, na kwenye vipande vingine vya chuma. Kwa nini? Kwa sababu pamoja na mahubiri yote ya mzee Whitney, vipande hivyo havikuwa sawasawa kabisa. Fundi alikaa na vipande vya bastola moja, akavikwaruza kwa tupa hapa na pale mpaka vikaoana. Ukivichanganya na vya bastola nyingine vitagoma. Nambari ile ilikuwa njia ya kusema: hivi ni ndugu, msivitenganishe. Mimi naisoma kama ushahidi wa mkono. Mahali palipo na nambari pana mtu aliyekaa, akapima, akakwaruza, akapima tena.

Hapa naomba nitoke Connecticut kidogo niwapeleke Kamukunji, kwa maana hapa ndipo habari hii iliponishika shati.

Baba huunda masanduku ya bati, yale yale ambayo wanafunzi wa bweni huyabeba Januari. Mimi nasoma shule ya kutwa, sina haja nayo, lakini kaka yangu yuko bweni na lake limeundwa na baba. Mwaka jana alikuja mfanyabiashara mmoja, simtaji jina, akamwambia baba: "Fundi, kazi yako ni safi. Nitayachukua yote unayounda kila mwezi, pesa mkononi. Ila kifuniko kipakwe jina la duka langu." Usiku ule nyumbani palikuwa na mjadala kuliko ule wetu wa Ijumaa. Mama alisema, "Mzee, jina halilipi karo." Baba akanyamaza. Kisha akanigeukia mimi: "Wewe ndiye unasoma. Unaonaje?"

Nikamweleza habari za John Pearson tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kwa makini huku akichokora kucha kwa msumari. Nilipomaliza akauliza, "Huyo Pearson alikuwa analipwa?"

"Alikuwa anacheleweshewa, baba."

"Sasa huyu wangu analipa siku hiyo hiyo. Na Pearson angekataa kuunda, hiyo bastola ingekuwa ya nani? Si ingekuwa hakuna kabisa?"

Sikuwa na jibu. Baba akakubali biashara ile, na ukweli ni kwamba karo ya kaka ililipwa kwa wakati. Mama alikuwa amesema kweli. Lakini kila nilipoyaona masanduku yamepangwa ukutani, yote yana jina la mtu ambaye hajawahi kukata bati maishani mwake, kitu fulani kilinikwama kooni. Nikarudi kwenye kitabu.

Chapa ya nne ndiyo ya ajabu kuliko zote. Kuizunguka silinda kuna picha iliyochongwa. Inaonyesha wapanda farasi wa Texas wakiwafukuza wapiganaji wa Wakomanche, wenyeji wa nyanda zile. Ni kumbukumbu ya pigano la mwaka 1844 ambalo Walker mwenyewe alikuwamo, na ambamo alichomwa mkuki akanusurika. Mchongaji alikuwa W. L. Ormsby, fundi wa nakshi za noti za benki, naye hakuwa mjinga: aliweka jina lake kwenye picha. Kwa hivyo aliyechora picha juu ya silinda ana jina, na aliyeiunda silinda hana. Nao Wakomanche, watu waliozitawala nyanda za kusini kwa zaidi ya miaka mia, wamewekwa pale wakikimbia tu. Chuma husema, lakini husema maneno ya mwenye kalamu. Wengine mtu huna budi kuwatafuta kwingine.

Walker mwenyewe hakuifaidi sana bastola yenye jina lake. Colt alimtumia jozi moja ya zawadi, zikamfikia Mexico katika vuli ya mwaka 1847. Siku chache baadaye, tarehe 9 Oktoba, aliuawa katika pigano la mji wa Huamantla. Umri wake ulikuwa miaka thelathini.

Na kwa nini bastola hizi zimekuwa adimu? Kwanza, zilikuwa chache toka mwanzo. Pili, zilikwenda vitani, na kitu kilichokwenda vitani hurudi kwa bahati. Tatu, zilikuwa na kasoro. Vyumba vya silinda vilikuwa vikubwa, vikimeza baruti nyingi kupita kiasi, na chuma cha siku hizo hakikuwa imara kama cha leo. Silinda za baadhi yake zikapasuka mikononi mwa askari. Ule wenzo wa kushindilia nao ulikuwa ukianguka kwa mshtuko wa mlio na kuizuia silinda kuzunguka. Colt alijifunza upesi. Alifungua kiwanda chake mwenyewe Hartford mwishoni mwa mwaka 1847, akaleta bastola nyingine iitwayo Dragoon, yenye silinda na mtutu mfupi zaidi. Kutoka hapo utajiri ulimiminika. Alipofariki mwaka 1862 alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Marekani.

Penye uadimu hapakosi ulaghai. Katika karne ya 20 viwanda vya Italia vilianza kuunda mifano ya bastola za kale kwa ajili ya wapenzi wa historia, na hilo si kosa, maana huuzwa kama mifano. Kosa ni la wale wanaochukua mfano kama huo, wakafuta chapa za kisasa, wakautia kutu kwa dawa, wakapiga nambari za uongo na kuuza kwa bei ya kitu halisi. Wataalamu huwanasa vipi? Kwa kufuata vitu vidogo. Je, nambari ya silinda ni ile ile ya mtutu na kiunzi? Je, herufi zina umbo la vyuma vya chapa vilivyotumika Whitneyville? Je, uchakavu uko mahali panaposuguliwa kweli na ngozi ya mfuko? Picha ya Ormsby, kwa mfano, kwa kawaida imefutika sana kwenye bastola halisi za jeshi, maana silinda ilisuguana na mfuko kila farasi alipotembea. Kitu kilichochakaa kila mahali sawasawa, mtu kakichakaza makusudi.

Lakini kuna kinachopita hata jicho la mtaalamu, nacho ni kumbukumbu iliyoandikwa. Zile bastola 100 za raia ziliendeleza nambari kuanzia 1001. Moja kati ya hizo ilinunuliwa New York na nahodha wa meli wa Denmark, Niels Hanson, akaenda nayo kwao. Ilikaa ndani ya kasha lake pamoja na vyombo vyake, ikapita toka mkono hadi mkono huku kila mwenyewe akijulikana. Mwaka 2018 iliuzwa katika mnada jimboni Illinois kwa dola 1,840,000. Ndiyo, milioni moja na ushei, kwa kitu ambacho jeshi lilikinunua kwa dola 25! Uzuri wake ulichangia, na kasha lake lilichangia. Lakini iliyochangia pia ni njia yake, kwamba inajulikana ilitoka wapi, ikapita kwa nani, ikafika vipi. Chuma kile kile bila njia kingekuwa na maswali mengi kuliko majibu.

Niliposoma hayo nikapata jibu la swali la baba, japo nilikuwa nimechelewa miezi mitatu. Nikamwendea Jumapili alasiri akinoa mkasi wake wa bati. Nikamwambia, "Baba, jina la mbele ni la mwenye duka, sawa. Amelilipia. Lakini hakununua nambari."

"Nambari gani?"

Nikamweleza habari za herufi na nambari za Whitneyville. Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akaangalia mkasi wake kwa muda. Jumatatu alimwambia yule mfanyabiashara waziwazi kwamba kila sanduku litakuwa na alama ya fundi chini. Yule bwana akajibu, "Weka tu fundi, mradi mbele kubaki safi." Basi baba akachukua msumari mnene na nyundo, akaligeuza sanduku, na kwenye kona ya chini akapiga vidoti, taratibu asije akatoboa bati, vikafanya nambari moja.

Mimi nikafungua daftari. Nimelipiga mistari: nambari, tarehe, kipimo, rangi, na fundi. Nilidhani safu ya mwisho ingekuwa rahisi, lakini baba alinisimamisha. Pale kibandani ana vijana wawili wanaojifunza kazi. "Usiandike mimi peke yangu," akasema. "Huyu anakata, huyu anakunja kona, mimi napiga ribiti na bawaba. Andika wote watatu." Nikaandika wote watatu. Nilimkumbuka Pearson, na nadhani angependa kuwa na baba kama huyo kwa bosi.

Mama bado anasema jina halilipi karo, na bado ni kweli. Bei ya sanduku haikupanda hata shilingi moja kwa sababu ya vidoti vile. Sijui kama kuna siku mtu atayatafuta masanduku haya kama wanavyotafuta Colt Walker. Pengine yataishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Lakini mtu akiuliza, "Hii kazi ni ya nani?" jibu litakuwepo, na halitakuwa la kubahatisha.

Wanachama wenzangu, tuna desturi ya kuandika habari za watu mashuhuri katika jarida hili, nami sipingi. Ila nina ombi. Mwaka ujao kila mmoja wetu alete habari ya kitu kimoja kilichoko kwao: kiti, kinu, ngoma, jiko, chochote, pamoja na jina la aliyekiunda. Muulizeni babu, muulizeni nyanya, muulizeni jirani kabla hawajasahau. Na nyinyi mlio na ndugu huko bweni, mwambieni aligeuze sanduku lake aangalie kona ya chini. Kama kuna vidoti, anipelekee nambari nimtajie siku lilipoundwa na mikono iliyoliunda. Daftari limefika nambari 163.

Mwanachama, Kidato cha Tatu